Homa ya ini B na fomu ya chuo cha meno

Bahasha ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya pongezi: amepata nafasi ya kusomea udaktari wa meno, miaka mitano, aripoti chuoni mwanzo wa muhula. Ya pili ilikuwa fomu ya uchunguzi wa afya, ijazwe na daktari na kupigwa muhuri. Katikati yake palikuwa na kikaratasi cha maabara kilichokunjwa mara nne kama hirizi. Binti wa jirani yangu hapa Langoni, Lamu, alinikabidhi vyote barazani baada ya swala ya Alasiri, akaketi karibu na dele la kahawa bila kusema neno. Mamake alibaki kizingitini. Nikakifunua kile kikaratasi. Antijeni ya homa ya ini B: chanya. Yaani virusi vimo kwenye damu.

"Ami," akaniuliza, "ndiyo basi?"

Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali hilo nimelisikia mara nyingi, hasa kwa vijana waliokwenda kupimwa kwa ajili ya safari za Uarabuni. Nchi za Ghuba huwapima wafanyakazi wageni kabla ya kuwapa viza, na mwenye virusi hivi huandikiwa kuwa hafai. Wengi wa pwani hii hawakuwahi kujua kwamba wanavyo mpaka siku hiyo, mbele ya ajenti, pesa ya pasipoti imeshatoka. Kwa hiyo mtu akisikia "chanya" hudhani kila mlango duniani ni kama ule wa ajenti. Nilimwambia binti kwamba huu wa kwake si ule, ila nao una makufuli yake, na kila kufuli lina ufunguo wa namna yake.

Tulianza na jina, kwa sababu mamake alikuwa ameshachanganya mambo. Aliuliza kama ni ile homa ya manjano ambayo watu huchanjwa kabla ya kusafiri. Hapana. Homa ya manjano huletwa na mbu. Macho kuwa manjano ni dalili tu, na huweza kutokea kwa ugonjwa wowote unaoumiza ini. Homa za ini zenyewe ni kadhaa. Ile ya A hupita kwenye maji na chakula kichafu, mtu huugua, hupona, ikaisha. Ya B hukaa kwenye damu na majimaji mengine ya mwili. Haiambukizwi kwa kula sinia moja, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kunywea kikombe kimoja. Huambukizwa kwa sindano, kwa wembe wa kinyozi usiobadilishwa, kwa kujamiiana, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kujifungua. Virusi vyake ni sugu: vikikaukia juu ya meza au kifaa huweza kubaki hai siku 7. Hilo la siku 7 ndilo linalowanyima usingizi watu wa vyuo vya meno, na wana haki.

"Lakini sindano zote alidungwa," mamake akasema, akaingia ndani na kurudi na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki. Kweli, zote zilikuwapo. Kenya iliingiza kinga ya homa ya ini B kwenye chanjo za watoto mwishoni mwa 2001, ndani ya ile sindano moja yenye kinga tano, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Binti alizaliwa baada ya hapo na hakukosa hata moja.

Tatizo ni zile wiki 6. Mtoto anayekutana na virusi siku ya kuzaliwa hawezi kusubiri mwezi na nusu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri tangu 2009 kwamba kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24. Katika ripoti yake ya 2024 shirika hilo lilisema kanda ya Afrika hubeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya homa ya ini B duniani, na bado ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda hiyo wanaopata dozi ya siku ya kwanza. Na umri ndio unaoamua mengi. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvifukuza virusi; hawafiki 5 katika 100 wanaobaki navyo. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 90 katika 100 hubaki navyo maisha. Kwa hiyo msichana wa miaka 19 asiyewahi kulazwa, kadi yake imejaa mihuri, anaweza kuwa amevibeba tangu siku ya kwanza bila kuumwa hata kichwa.

Sasa ile fomu. Kipengele chenyewe kilikuwa kifupi: umechanjwa homa ya ini B? Andika tarehe za dozi tatu, ambatisha kipimo cha kingamwili (askari wa mwili ambao chanjo huwaamsha), kiwe 10 au zaidi. Kisha visanduku viwili, "ana kinga" na "hana kinga".

Chuo kinapouliza hivyo hakijakosea. Mwanafunzi wa meno atajichoma siku moja. Tofauti ni lini tu. Na hesabu ya kujichoma kwa sindano yenye damu ya mgonjwa inajulikana. Kwa virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuambukizwa ni karibu asilimia 0.3. Kwa homa ya ini C ni kama asilimia 1.8. Kwa homa ya ini B, kwa mtu asiye na kinga, ni kuanzia asilimia 6 hadi 30, kutegemea wingi wa virusi kwenye damu ile. Na hii ya B ndiyo pekee kati ya hizo tatu yenye chanjo. Chuo kisichouliza kingekuwa kinawauza wanafunzi wake.

Ila fomu imeandikwa kwa kudhani kwamba watu ni wa aina mbili. Wapo wa aina ya tatu. Aliyekwisha beba virusi hawezi kutoa kingamwili zile, umchanje utakavyo. Mwili wake umekaa na mgeni huyu tangu utotoni na hauoni sababu ya kumpiga. Nimewaona vijana waliotumwa na madaktari waliokuwa na haraka kwenda kurudia chanjo: dozi tatu, miezi sita, kipimo kikarudi sifuri. Wakarudishwa tena. Hakuna aliyefikiria kupima kama virusi vyenyewe vimo, jambo ambalo kipande kidogo cha karatasi ya kupimia hulijibu kwa dakika chache. Muhula ukapita, nafasi ikaenda.

Na wapo wanaojua, wakaona fomu haina mahali pa kuandika ukweli, wakaazima damu. Maana yake binamu mwenye kinga nzuri huenda maabara kwa jina la mwenzake, akanyoosha mkono, majibu yakatoka safi. Sisi wa maabara tunaijua hila hii na hatuigundui kila mara. Ubaya wake haupo kwenye uongo peke yake. Mtu huyo sasa ameandikwa kuwa salama, kwa hiyo hakuna atakayempima ini, hakuna atakayehesabu virusi vyake, na akijichoma mbele ya mgonjwa hataweza kusema lolote. Fomu mbovu imetengeneza hatari ile ile iliyokuwa ikiikimbia.

Binti akauliza swali la maana kuliko yote ya siku ile. "Wanaogopa nitaambukizwa, au nitaambukiza?"

Mambo haya mawili huchanganywa, na fomu yenyewe huyachanganya. Kingamwili zinahusu la kwanza, na kwake yeye hilo limekwisha: hawezi kuambukizwa alichonacho. La pili ni suala jingine, lenye kipimo kingine na historia nyingine.

Kinywa ni mahali pabaya pa kufanyia kazi. Nafasi ni finyu, mwanga hautoshi, mate yanajaa, ulimi hautulii, na vidole viwili vya daktari vimo ndani pamoja na sindano ya ganzi, ncha za chuma na mashine inayozunguka kwa kasi. Jino lililovunjika nalo hukata kama kioo. Daktari akijikata pale, damu yake inaangukia moja kwa moja kwenye fizi lenye jeraha. Hayo yamewahi kutokea. Katikati ya miaka ya 1980 huko Indiana, Marekani, daktari wa meno aliyekuwa na virusi na hakuwa na mazoea ya kuvaa glavu aliwaambukiza wagonjwa wake, na baadhi yao walikufa. Kati ya 1970 na 1987 palitokea matukio kadhaa ya namna hiyo kule. Kisha glavu zikawa lazima, chanjo ikaenea, na tangu 1987 kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani hakikupata tena taarifa ya daktari wa meno kumwambukiza mgonjwa virusi hivi.

(Mgonjwa kumwambukiza mgonjwa mwenzake ni hadithi nyingine. Mwaka 2009 huko West Virginia, kwenye kambi ya siku chache ya matibabu ya meno ya bure, wagonjwa na watu waliojitolea kusaidia waliambukizwa. Tunaopokea kambi kama hizo huku visiwani, zenye viti vya kukunja na foleni hadi uwanjani, tungefaa kuuliza vifaa vinachemshwa wapi kabla ya kuuliza daktari ana nini kwenye damu.)

Baada ya glavu, kanuni zikabadilika polepole. Mwaka 1991 Wamarekani waliangalia alama moja kwenye damu, antijeni e, ambayo kuwepo kwake huashiria kwamba virusi vinazaana kwa wingi. Aliyekuwa nayo hakutakiwa kufanya kazi za hatari bila kupitishwa na jopo la wataalamu, na ilimpasa kuwajulisha wagonjwa. Mwaka 2012 wakaiacha alama hiyo, wakahamia kuhesabu virusi vyenyewe. Waliandika waziwazi kwamba kuwa na homa ya ini B ya muda mrefu si sababu ya kumzuia mtu kusoma au kufanya kazi ya udaktari, upasuaji wala meno. Mwenye kufanya upasuaji wa hatari kubwa abaki chini ya vitengo 1,000 vya kimataifa katika mililita ya damu, apimwe kila miezi sita, na hana haja ya kumtangazia mgonjwa. Na kwa upande wa meno, upasuaji wa hatari kubwa kwao ni ule mkubwa wa kinywa na taya, kama kuunga taya lililovunjika. Kuziba jino na kusafisha ugaga havimo.

Waingereza wameshika kamba fupi zaidi. Kwao kazi nyingi za meno zinahesabiwa kuwa za hatari, na kikomo ni vitengo 200, kwa dawa au bila dawa, pamoja na kufuatiliwa. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa meno kule hupimwa mapema kabisa, kabla hajagusa mgonjwa.

Nawaomba wasomaji waliangalie hilo kwa makini. Sayansi ni moja, virusi ni vile vile, nchi mbili zimechora mistari miwili. Hakuna mahali ambapo biolojia inasema 1,000 au 200. Ni watu waliokaa mezani wakaamua ni tahadhari kiasi gani inawatosha. Kwa maoni yangu Wamarekani wako karibu zaidi na ushahidi, lakini siwezi kumlaumu Mwingereza anayetaka kulala vizuri. Ninayemlaumu ni yule anayemkataa mtu kwa neno "chanya" pekee bila kuhesabu chochote. Huyo hajachora mstari wowote.

Na wapo waliopelekwa mbele ya sheria kwa hilo. Mwaka 2011 waombaji wawili waliokuwa wamekubaliwa kusomea udaktari katika chuo cha serikali huko New Jersey walinyang'anywa nafasi zao kwa ajili ya homa ya ini B. Wizara ya Sheria ya Marekani iliingilia kati chini ya sheria ya 1990 inayowalinda wenye ulemavu, na mwaka 2013 chuo kikakubali kurekebisha sera na kulipa dola 75,000, fidia na nafuu ya karo, kwa wote wawili. Walikuwa wa udaktari wa kawaida, si wa meno, lakini mwaka huo huo wizara tatu ziliandikia vyuo vya afya barua moja kuvikumbusha. China, yenye wabebaji wa virusi hivi kwa mamilioni, ilipiga marufuku mwaka 2010 kipimo hiki kwenye uchunguzi wa kawaida wa kuingia shule na kazi.

Kwetu Kenya hali ni ya ajabu kidogo. Nafasi za vyuo hugawiwa na KUCCPS kwa alama za KCSE, na hakuna anayeulizwa damu yake anapochagua kozi. Mlango wa kwanza hauna bawabu. Makufuli yako ndani: fomu ya afya baada ya kupata nafasi, kisha kuingia kliniki baada ya miaka ya mwanzo ya vitabu, maiti za anatomia na vichwa vya bandia, kisha mafunzo hospitalini, ambako kila hospitali inaweza kuwa na karatasi yake. Mtu huweza kuvuka la kwanza akakwama la tatu, karo ya miaka miwili imeshalipwa. Na nafasi zenyewe ni chache. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha udaktari wa meno tangu 1974, Moi kikafuata kule Eldoret, na anayekosa hapo huanza kufikiria Dar es Salaam, Kampala au India, pamoja na masharti ya viza ya huko.

Sheria ipo, ila imetawanyika. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi, na imeitaja hali ya afya kwa jina. Kifungu cha 31 kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya kwenye kundi la data nyeti, maana yake karani hana ruhusa ya kubandika majibu yako ubaoni. Kwa UKIMWI tumekwenda mbali zaidi: sheria ya 2006 inakataza waziwazi kumlazimisha mtu apimwe ili aajiriwe au akubaliwe shuleni, na ina baraza lake la kusikiliza malalamiko. Homa ya ini B, ambayo huua watu wapatao milioni 1.1 kwa mwaka duniani, haikutungiwa sheria ya namna hiyo. Mwenye nayo inabidi ajikinge kwa Katiba, na si kila msichana wa Langoni ana wakili.

Basi tulifanya yaliyo mikononi mwetu. Nilimkataza kurudia chanjo. Nilimwambia asiazime damu ya mtu, na alivyoinamisha uso nilijua ameshafikiriwa binamu. Kipimo cha kuhesabu virusi hakifanyiki kila maabara, kwa hiyo alivuka hadi Mokowe, akapanda basi la alfajiri, akapita Garsen na Malindi, akafika Mombasa jioni kwa shangazi yake. Damu ikachukuliwa pamoja na vipimo vya ini.

Majibu yalirudi baada ya wiki mbili: ini zima, antijeni e haipo, virusi vitengo 340.

Nilicheka, na mamake akanikasirikia. Lakini hebu tazama namba hiyo. Angekuwa Marekani, hata upasuaji wa taya angefanya. Angekuwa Uingereza, angeambiwa subiri kwanza umeze dawa. Damu ni ile ile, mkono ni ule ule.

Dawa yenyewe haina miujiza. Tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, hushusha virusi mpaka visionekane kwa wengi, ingawa haviondoki kabisa. Ukiianza usiiache kwa kujiamulia, maana virusi huweza kurudi kwa kishindo na kuliumiza ini. Shida nyingine ni ya kibinadamu zaidi: tenofovir hutumika pia kwa UKIMWI, na mara nyingi hutolewa kwenye dirisha lile lile. Katika mji ambao vichochoro vyake havipishani punda wawili, mtu akisimama kwenye dirisha hilo Jumatatu, Jumanne habari ziko Shela. Daktari wake aliona kwa sasa hahitaji kuanza, apimwe kila miezi sita, na milango ikidai namba ndogo zaidi dawa ipo.

Ile fomu hatukuiacha kama ilivyo. Kwenye visanduku viwili daktari hakuweka alama yoyote. Aliandika pembeni "tazama barua," akaambatisha ukurasa mmoja: ni mbebaji wa muda mrefu, chanjo haimhusu, wingi wa virusi ni huu, tarehe ni hii, kipimo kijacho ni mwezi huu, na hakuna sababu ya kitabibu ya kumzuia kuanza masomo. Barua ilitiwa kwenye bahasha yake, ikafungwa, ikaandikwa kwa daktari wa chuo, si kwa ofisi ya usajili. Binti aliisoma mara mbili kabla haijafungwa.

"Na wakikataa, Ami?"

"Waombe wakupe sababu kwa maandishi. Kisha unipigie simu."

Mamake alikuwa palepale kizingitini, kama siku ya kwanza, ile kadi ya kliniki bado mkononi. Zile wiki 6 alikuwa amezisikia, akazihesabu kimya kimya wiki zote mbili za kungoja. Akakunja mkono wa buibui hadi kiwikoni, kana kwamba mimi nina sindano pale barazani.

"Kesho tutakwenda hospitali," akasema. "Mimi, na hawa wadogo wawili wakitoka madrasa."